Huku Inaitwa Arusi

Bawshar, Maskati

Mpwa wangu, pamoja na nyote mtakaosomewa barua hii barazani Mkunazini, Zanzibar,

Mie mzima, joto tu ndilo linalotufungia ndani mchana kutwa. Ujumbe wako wa sauti kutoka Bagamoyo nimeusikiliza. Unasema mgeni aliyekuja kuwafundisha hapo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni kawaletea dansi ya kisasa isiyo na jukwaa wala hatua za kupangwa, na watazamaji wanainuliwa vitini wacheze nao. Ukauliza, "Mjomba, na huko Uarabuni mnayo?"

Tunayo, mwanangu. Huku inaitwa arusi.

Usije ukadhani hatuna pa kukaa kimya. Jumba la Opera la Kifalme liko wilaya hii hii yetu, Shati Al Qurum. Lilifunguliwa Oktoba 2011 kwa opera ya Turandot, Plácido Domingo akiongoza okestra. Wenyeji huingia na kanzu na vilemba, sisi wageni tunatakiwa koti. Kila kiti kina kiskrini mbele yake kinachokufasiria maneno, kwa hiyo hata jirani huna la kumuuliza. Kazi yako ni kupiga makofi wenzako wakishaanza. Mpemba ninayekaa naye alikolea siku moja akatoa "Aaah!" ile ya taarabu, watu wakageuka wakamtazama kama kacheka matangani.

Sasa njoo arusini, mtaa wa Ghala, Alhamisi usiku, kesho yake hakuna kazi. Akdi imekwisha, halwa imeliwa, kahawa inazunguka. Mara wanaume wanajipanga safu mbili zinazotazamana, na ngoma mbili, rahmani na kasir, zinaanza kujibizana. Hiyo ndiyo razha. Mshairi anatoka, anatunga papo hapo, anamtupia mwenzake. Naye ajibu kwa vina vile vile, huku safu inapokea. Vijana wa upanga wanaruka katikati. Mmoja anaurusha juu, unabiringika hewani ukimeta kwenye taa, halafu yeye mwenyewe anaudaka kwa kipini. Mie nilikuwa nimejibanza nyuma ya gari la watu, finjani mkononi, najihesabu mtazamaji. Mzee mmoja akaninyang'anya finjani, akanikabidhi bakora. "Wewe wa Zanzibar, ingia!" Hakuuliza kama najua.

Nikajikuta nimebanwa kati ya fundi matairi na bwana mkubwa wa wizarani, wote jasho moja. Nikaelekezwa kwa macho tu: safu ikisogea, sogea, bakora zikipanda, pandisha, ubeti ukiisha, rudia mwisho wake. Kile Kiarabu cha mashairi sikukipata hata nusu, lakini mdomo ulikuwa unakwenda.

Ilipoingia ngoma ya lewa ndio nikawa mheshimiwa. Mpiga zumari kati, watu wanamzunguka, ngoma zinaguruma, na ndani ya nyimbo yamo maneno ya Kiswahili yaliyovuka bahari na wazee wa pwani yetu. Macho yote kwangu: fasiri! Maneno yenyewe yamepita vinywa vingi vya Kiarabu hadi yamesagika. Nikafasiri. Kama ndivyo, Mungu anajua.

Mwalimu wako, naamini, atawatajia Steve Paxton, Mmarekani. Mwaka 1972, pale chuo cha Oberlin, aliwachezesha vijana wakirukiana, wakigongana na kuanguka kwenye magodoro, na kutoka hapo ikazaliwa dansi ya kugusana isiyopangwa. Simnyang'anyi mtu sifa yake. Lakini muulize mwalimu, kwenye kirumbizi cha Lamu, ile ngoma ya fimbo, mtazamaji ni nani, ikiwa aliyesimama pembeni sasa hivi ndiye atakayeingia na fimbo baadaye? Na kwenye taarabu, shangazi zako wanapotoka vitini wakienda kutunza, noti juu, kiuno kinaongea, nani anaimba na nani anaimbwa?

Unalalamika kwamba mkiwaita watazamaji wanainamia viatu vyao. Wataacha vipi? Mnawaambia, "Jisikieni huru." Uhuru huo ndio unaowagandisha miguu! Mtu mzima kavaa suruali yake ya pasi, anajua jirani zake wanamwangalia, halafu unamwambia afanye lolote. Ghala hakuna aliyeniambia niwe huru. Nilioneshwa pa kusimama nikapewa bakora. Kubuni ni kazi ya mshairi na kijana wa upanga, na hao nao wana vina na mdundo vya kuwashika. Watoto wanasimama mkiani mwa safu na vifimbo vyao, wanakosea bila kuchekwa. Miongoni mwao ndimo watakamotoka warusha panga wa kesho.

Kwa hiyo, mkimwita mtu, mpeni kwanza kitu cha kushika, kiitikio cha kurudia na bega la kuegemea. Akishakolea, mtamtoa nyie kwa nguvu.

Nisalimie mama yako. Mwambie koti la opera nitakuja nalo, halijachakaa. Nyie wengine niombeeni dua: Idi ijayo vijana wa Ghala wanataka nijaribu upanga. Mie sina hofu. Waombeeni watakaosimama karibu yangu.

Wenu,
Mjomba