Mhadhara wa Chovai: Kutendwa kwa Sharti

Waheshimiwa manahodha, mashekhe, nanyi vijana mnaotia mafuta mashine huku mkijifanya hamnisikii: kisiwa chetu cha Chovai, cha Wabajuni wa Somalia, kimebahatika. Mbele yenu yupo bingwa wa kauli ya kutendwa yenye sharti katika Kiingereza. Shahada sina, kwa sababu moja tu: chuo cha kiwango changu hakijajengwa.

Tuanze na ugonjwa wenu. Mswahili husema, "Ningeambiwa, ningekuja," akatia "nge" huku na huku, roho ikatulia. Akihamia Kiingereza hubeba "would" mbili vilevile: "If I would be told, I would come." Haramu! "Would" haikai penye "if". Makazi yake ni upande wa pili. Na jambo likiwa limeshapita, semeni: "If I had been told, I would have come."

Mfano wa kisomi. Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia Jubaland, malipo ya kuingia Vita vya Kwanza vya Dunia upande wake. Basi: "If Jubaland had not been ceded, Chovai would have been ruled from Nairobi." Tazameni "would", "have" na "been", vibarua watatu wanaobeba kitenzi kimoja. Sisi twasema "ingalitawaliwa", tukaendelea na kahawa. Lakini ustadi wa sentensi ile uko kwingine: aliyeikabidhi Jubaland hayumo. Wakubwa wawili wamepeana pwani yetu, na sarufi imewafutia nyayo.

"Maalim, na kasa tunayemvua je?" auliza nahodha. Suali jema, ingawa lina harufu ya samaki. Taza, samaki ambaye wengine humwita chazo, hufungwa kamba mkiani, akaachiwa majini, akajigandisha kwenye gamba la kasa, wakavutwa wote wawili. Kwa Kiingereza fasaha: "The turtle would be caught if the taza were tied." "Were", si "was", ijapokuwa taza ni mmoja! Msiniulize kwa nini. Sisi wataalamu hatuulizwi.

Sasa wenye jamaa Uingereza, sogeeni. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 vilipozuka, watu wetu walikimbilia Kenya kwa mashua. Baadhi wakafika Uingereza, na mabaraza ya rufaa huko yakapima Ubajuni wao, pamoja na mengine, kwa namna wanavyosema Kibajuni. Humo ndimo kauli yangu inamotamba: ombi lingekubaliwa iwapo asili ingethibitishwa. Ithibitishwe na nani? Ikubaliwe na nani? Mtu analala na barua yenye maneno hayo chini ya mto, na ndani yake hamna hata mtenda mmoja wa kumpigia simu.

Hukumu yangu ni hii: mtoto asifundishwe kauli hii kabla hajajua kuuliza "by whom?" Maneno mawili tu, nayo yatawafaa mbele ya karani kuliko kanuni zangu zote. Ada ya mhadhara ni changu wawili, wabichi, kabla ya magharibi.