Machungwa ya Don Corleone

Waliosema The Godfather ni filamu ya saa tatu kasoro hawajaitazama na binamu yangu. Kwake picha hiyo ya 1972 haijawahi kuisha. Akishika rimoti, inasimama kila mlango unapofunguliwa na kurudishwa nyuma kwa ajili ya kivuli. Yule paka aliyepakatwa na Marlon Brando pale mwanzo alitukosesha chakula cha jioni. Paka, tulifundishwa, ni mamlaka: manyoya laini, kucha zimefichwa. Nikasema paka huyo alikuwa akizurura tu studio, Francis Ford Coppola akamnyakua na kumtia mikononi mwa Brando bila mpango wowote, naye akakoroma kwa raha hadi maneno mengine hayasikiki. Binamu akanitazama kwa huruma.

"Na wewe unaamini paka huja tu?"

Lakini balaa lilikuwa siku ya machungwa. Nilikuwa nimeletewa kapu kutoka Muheza, nikalitua katikati ya sebule, wageni wakaanza kumenya. Binamu akasimamisha picha. Don Corleone, yaani Brando, ananunua machungwa, dereva wake wa siku zote hayupo, risasi zinalia, matunda yanabingirika barabarani.

"Mmeona? Chungwa likitokea, kifo kiko njiani."

Akapeleka mbele hadi bustanini: mzee anamtania mjukuu, kaweka ganda la chungwa mahali pa meno, mara anaanguka, kafa. Wageni wakarudisha vipande kapuni, kwa adabu, mmoja baada ya mwingine. Jirani aliyekwisha kumeza aliomba maji.

Nikamleta Dean Tavoularis, msanifu wa mandhari ya filamu hiyo, aliyeeleza kwamba machungwa yaliwekwa kuchangamsha rangi, maana Gordon Willis alipiga picha zenye giza nene. Binamu hakutikisika.

"Lazima akanushe. Ungekuwa wewe ungekiri?"

Hapo hata wakili angevua joho.

Shangazi, mama yake, muda wote huo alikuwa akimenya la tatu.

"Dereva ndiye kamuuza," akasema, mbegu mdomoni. "Mtu mzima na afya yake, mafua yamshike siku hiyo hiyo? Hebu weka mbele tuone."

Tukaweka mbele. Ni kweli, dereva huyo, Paulie, alikuwa ameshamuuza mzee. Binamu, pamoja na kuirudia picha ile miaka nenda rudi, hakuwahi kumtilia maanani dereva. Hakuwa na chungwa mkononi.