Mheshimiwa Kuvu, Mkaguzi Asiyedai Posho

Waungwana wa Tanga, tumezoea kuwasifu wasiostahili. Hakuna mkutano ambao hatuwapigii makofi watu waliochelewa, na hata choo cha shule kikifunguliwa hapakosi mgeni rasmi na utepe wa kukata. Ni haki basi, tena ni deni, tumtajie sifa zake mtumishi mmoja asiyewahi kuchelewa, asiyekatiwa utepe wala kuketi meza kuu. Namsema Mheshimiwa Kuvu: yule mweusi wa pembe za dari, wa kijani nyuma ya kabati, mweupe juu ya mkanda wa ngozi. Wengine humwita ukungu, wengine fangasi. Mimi ni mpangaji wa chumba na sebule hapa Ngamiani, nimelala naye chumba kimoja masika baada ya masika, kwa hiyo ninayemsema ninamjua.

Nianze na sifa ndogondogo, tuzimalize haraka. Kuvu ni mwanasayansi: jamaa yake mmoja alitua kwenye kisahani cha maabara cha Alexander Fleming, London, mwaka 1928, dunia ikapata penisilini. Kuvu ni mwalimu wa dini, hatuachi tujilimbikizie mali: suti ya harusi ikikaa kabatini kuanzia Machi hadi Juni, yeye ndiye anayeamua kwamba imetosha. Kuvu hulinda faragha: mgeni aliyekuja kukaa wiki mbili hupiga chafya usiku kucha, na asubuhi anakumbuka kwamba ana dharura Muheza. Hukuza biashara, maana sijamsikia muuza dawa za kikohozi akimlalamikia. Wala hana ubaguzi. Mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majumba ya kupangisha na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, wenye mali walibadilika, wapokeaji wa kodi wakabadilika. Yeye peke yake hakuhamishwa.

Hizo ni sifa za kupitia tu. Sifa yake kuu, iliyonifanya nishike kalamu, ni kwamba ndiye mkaguzi wa majengo pekee ninayemfahamu katika mwambao huu, kuanzia Mkinga hadi Pangani, anayefika nyumba kwa nyumba kila mwaka bila kuitwa.

Tazameni utaratibu wake. Masika huingia Machi, Aprili mvua zikakaza, Mei ndiyo yenyewe. Mkaguzi wa kibinadamu angesubiri gari, mafuta ya gari, barua ya mkuu wa idara na posho ya kujikimu. Kuvu hahitaji hata kimoja. Vijimbegu vyake viko hewani tayari, vinaelea kwa tajiri wa Raskazoni na kwa mpangaji wa Makorora. Anachongoja ni kibali kimoja tu, nacho ni maji. Ukuta ukilowa na kubaki umelowa siku moja au mbili, kibali kimetoka, ofisi inafunguliwa.

Kisha anaandika ripoti. Ripoti ya Kuvu haina dibaji wala shukrani. Anaiandika kwa wino mweusi, mahali penye kosa, kwa vipimo halisi. Doa la mviringo darini linasema: msumari wa bati hapa juu umelegea, na aliyesema ameuwekea mpira alisema uongo. Madoa yanayopanda kutoka sakafuni hadi kimo cha goti yanasema: fundi alipomaliza msingi hakutandaza nailoni kabla ya tofali la kwanza, kwa hiyo ukuta unanywa maji ya ardhini. Panapo lipu inayopukutika na kuacha unga mweupe, humwachia kalamu msaidizi wake, chumvi, naye huandika: mchanga wa nyumba hii ulichotwa ufukweni, haukuoshwa, na utavuta unyevu mpaka Kiyama. Madoa ya nyuma ya kabati yanasema: chumba kina dirisha moja, hewa ikiingia haina pa kutokea. Weusi wa ukuta wa bafu unasema: bomba linavuja ndani kwa ndani, na bili ya maji unaijua mwenyewe.

Kwenye nyumba mpya ripoti huwa ndefu zaidi. Zile za madirisha ya alminiamu yasiyopitisha hata umbea, zenye dari za jipsamu, ndizo anazozikagua kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa jipsamu imevikwa karatasi juu na chini, na karatasi iliyolowa ni chakula chake. Wazee waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari juu kabisa, baraza mbele, walimpunguzia kazi: ukuta wa chokaa huuvuta unyevu kisha ukaupumua nje. Sisi tumekuja na saruji tukaipiga juu ya chokaa, maji yakafungiwa ndani, naye Mheshimiwa akapandishwa cheo.

Nani mwingine hukagua hivi? Hajapokea bahasha. Hajapigiwa simu na mkubwa. Wala huwezi kumwambia "njoo tuongee pembeni", kwa kuwa pembeni ndiko anakoishi.

Ripoti ikikamilika hukabidhiwa mwenye nyumba, na hapo ndipo utaona subira ya mtumishi huyu. Mwenye nyumba huja, huitazama, huguna, kisha huagiza ndoo ya rangi ya maji, ile ya bei ya chini, na kijana wa kupaka. Jioni ripoti yote imefutwa. Januari, kaskazi ikivuma na kuta zikiwa nyeupe pee, dalali analeta mpangaji mgeni. Kodi ya miezi sita inalipwa taslimu, na ya mwezi mmoja juu yake ni ya dalali. Masika ikirudi, Kuvu anaandika upya, hati ileile, mahali palepale. Hakasiriki, wala hajawahi kujiuzulu.

Mimi ndiye ninayekasirika. Nilimweleza mzee mwenye nyumba habari ya bati, kwa heshima zote, na shikamoo mbele. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, nyinyi mnapika ndani, mnaanika nguo ndani, madirisha hamfungui. Nyumba inataka usafi." Usafi! Tunapika ndani kwa sababu jiko la uani halina paa, na halina paa kwa sababu yeye hajaliezeka. Nguo tunazianika ndani kwa sababu nje kunanyesha tangu alfajiri. Dirisha tukilifungua mvua inaingia, tukilifunga moshi wa mkaa na mvuke wa wali vinabaki nasi, vikimnywesha Kuvu. Usiku mtoto anakohoa mpaka kifua kinapiga mluzi. Ukimpeleka zahanati anapewa dawa ya maji, umnyweshe kijiko mara tatu kwa siku, na hakuna anayeuliza: analala wapi huyu? Ukuta wa kitandani kwake ukoje?

Nasi wenyewe twazidisha. Tunachoma udi tufukuze uvundo, tunawasha dawa ya mbu ile ya kuungua taratibu, halafu mlango tunaukaza. Watafiti waliopima moshi wa dawa hizo na kuchapisha matokeo mwaka 2003 walikuta kwamba moja ikiungua mpaka mwisho hutoa chembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Kwa hiyo mtoto tuliyemkinga na mbu tumemvutisha pakiti kadhaa kabla ya adhana ya alfajiri.

Lakini nimetoka kwenye sifa, na hadhara hii imekuja kusikia sifa.

Mheshimiwa anatambulika kimataifa. Shirika la Afya Duniani lilimtolea miongozo mwaka 2009, likasema wakaao katika nyumba zenye unyevu na kuvu wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kukohoa, maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Halikutaja kiasi chake kilicho salama. Lilisema tu unyevu uzuiwe. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, watafiti walichapisha mwaka 2019 walichokiona kwa watu waliokwisha kutibiwa kifua kikuu: baadhi yao, hasa wale ambao ugonjwa uliwaachia matundu mapafuni, walikuwa wamepangisha kuvu humo kifuani. Dalili zake hufanana na za kifua kikuu kilichorudi. Hapo hata mimi mpiga zumari wake nashindwa kupuliza.

Tena ana ndugu serikalini. Mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi ilipoua watu Dodoma na Manyara, taifa lilishtuka, na kuvu wa kwenye gunia akapata mradi, akapata mabango, akapata semina. Moshi wa jikoni nao una mkakati wa taifa wa mwaka 2024 hadi 2034, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo mwisho wake. Ni jambo jema, nalipigia makofi bila kejeli. Ila kuvu wa ukutani hana hata fomu ya kujaza. Bwana afya hupita mtaani kwetu, hukagua vyoo, huchungulia karai la muuza chipsi. Sijamwona akiinua macho darini. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji hubishana na mwenye nyumba wake kivyake, huku kodi ya miezi sita imekwisha kuliwa. Lakini Agosti 2021 kodi ya jengo ilipoingizwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU, wakati huo shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ilipata njia upesi. Kisheria mlipaji ni mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni mimi. Mkono wa serikali umefika mpaka ndani ya mita yangu. Jicho lake halijafika ukutani.

Msiseme haya ni mambo ya nchi maskini. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili aitwaye Awaab Ishak, wa wazazi kutoka Sudan, alifariki Desemba 2020, na mchunguzi wa vifo akaamua Novemba 2022 kwamba kilichomuua ni kuvu wa nyumba yao ya kupanga. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017. Aliambiwa apake rangi. Waliopangisha walidhani tatizo ni namna familia inavyoishi, na baadaye wakakiri kwamba walikosea. Mzee wangu wa Ngamiani hajafika Rochdale, lakini maneno anayo yaleyale. Tofauti ni kwamba kule maiti ya mtoto ilizaa sheria yenye jina lake: tangu Oktoba 2025 mwenye nyumba za jamii akiarifiwa kuna unyevu au kuvu wa hatari, ana siku 10 za kazi awe ameshachunguza, na penye dharura ni saa 24. Sisi tunangoja mtoto gani?

Basi, mpangaji mwenzangu, kama unaweza, nyumba katafute Mei, si Januari. Rangi usiitazame. Sogeza kabati, nusa, gusa ukuta usawa wa goti. Ukiikuta ripoti, ipige picha kabla haijafutwa, na katika mkataba iandikwe kwamba bati, bomba na msingi ni juu ya mwenye nyumba. Doa dogo lisugue kwa maji na sabuni, pua umeifunika, ila kwanza tafuta maji yanatoka wapi. Nawe diwani, ukija kuomba kura tutakuomba jambo moja: bwana afya awe na uwezo wa kumwandikia mwenye nyumba kuhusu ukuta, na barua hiyo iwe na tarehe ya mwisho. Mpaka hapo, yeyote atakayekwambia upake rangi, mjibu kwa adabu kwamba utapaka, yeye akishaziba bati.