Medali Ninayo, Hela Sina

Västerås, Sweden

Kwa Shangazi, Mjomba, na wote mnaokaa kijiweni hapo Ngamiani,

Mimi huku ni mzima wa afya, ukiondoa magoti. Dhumuni la barua hii ni kukanusha.

Nimeusikiliza ujumbe wa sauti wa Shangazi mwanzo hadi mwisho, pamoja na kile kipande alichodhani simu imeshazimwa. Nimeelewa kwamba picha niliyotuma mwezi wa sita, ile ya medali shingoni, imeuzunguka mtaa mzima. Nimeelewa pia kwamba ukoo umekaa kikao, kwamba Mjomba ametangaza mabati ya nyumba ya marehemu Babu yatanunuliwa kwa "zawadi ya ushindi", na kwamba fundi ameshapanda juu kupima paa. Tafadhalini, mpigieni fundi kabla hajanunua misumari.

Ndugu zangu, sikushinda. Medali ile anavishwa kila anayemaliza. Yule bibi mwenye nywele nyeupe aliyesimama nyuma yangu pichani, anayo. Tena alivishwa kabla yangu, akaenda kuoga, akarudi kumsubiri mumewe.

Habari kamili ni hii. Huku kuna jambo linaloitwa En Svensk Klassiker, lililoanza mwaka 1972. Ndani ya miezi 12 mtu anatakiwa amalize mashindano manne: kukimbia kilomita 30 msituni, kuteleza kwa skii kilomita 90, kuendesha baiskeli kilomita 315 na kuogelea kilomita 3. Wanaojitosa si wanariadha wa taifa. Ni walimu, wahasibu, wauguzi na sisi mafundi wa mabasi. Ukiyamaliza yote unapewa cheti. Narudia kwa faida ya Mjomba: cheti. Bahasha hakuna. Anayelipa ni wewe, na ada ya hayo ya skii peke yake ingelipa kodi ya chumba hapo Ngamiani kwa miezi.

Najua Shangazi ameshaguna. Mtu mzima, ana kazi yake, ana akili zake, anatafuta nini? Shangazi, nilikuwa natafuta mtu wa kuongea naye. Waswidi ni watu wema, lakini maneno wanayaweka akiba. Kwenye basi, kila mmoja na kiti chake, na mfuko kaukalisha kiti cha pili. Jirani yangu wa mlango unaofuata nimemsalimia miaka na miaka, jibu ni kichwa kushuka kidogo na kupanda. Gereji kwetu ni hivyo hivyo: tangu asubuhi unasikia spana tu. Ila ukifika muda wa kahawa, mmoja akitaja nta ya skii, basi! Watu waliokuwa mabubu wanakatizana maneno mpaka kahawa inapoa. Nikaona hapa ndipo penye mlango, acha nami nibishe hodi.

Nilianza na mbio za Lidingö, kisiwa kilicho ubavuni mwa Stockholm, mwishoni mwa Septemba. Pale mwanzoni baba mmoja alinitazama miguu, akatabasamu, akauliza, "Kenya?" Nikamwambia Tanzania. Akasema aha, akawashika mabega wenzake ili wanipishe nipite mbele, maana tangu Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo mwaka 2025, nasi tumeingia kwenye orodha ya watu wa kuogopwa. Nikapita mbele kwa heshima ya taifa. Heshima hiyo ilidumu mpaka kilima cha kwanza. Baada ya hapo nilipitwa na Sweden nzima: vijana, kina mama, mzee aliyekuwa anapumua kwa sauti ya kutia huruma, na mwishowe baba yule yule, ambaye safari hii hakuuliza kitu. Zikiwa zimebaki kilomita chache kuna mlima unaitwa Abborrbacken. Umewekwa hapo makusudi, wakati miguu imeshaacha kupokea amri. Kando ya njia watu wanapiga kengele na kuita "Heja! Heja!" Wanamwita kila apitaye, wasiyemjua. Nchi ambayo salamu ni shida, watu wamesimama msituni kunipigia kelele mimi. Nilipanda.

Halafu ikaja baridi, na mazoezi ya skii. Kabla theluji haijaanguka wanatumia skii fupi zenye magurudumu, wanateleza nazo barabarani kwenye lami. Zina magurudumu, breki hazina. Theluji ikishuka mnahamia msituni, ambako serikali za mitaa zimeweka taa kwenye njia, kwa sababu mwezi wa Desemba saa kumi jioni ni usiku. Msitu wenyewe mara nyingi ni wa mtu binafsi, lakini ipo haki inayompa kila mtu ruhusa ya kupita, kuchuma matunda ya porini, hata kupiga hema kwa usiku mmoja, mradi usiharibu kitu wala usisogelee nyumba ya watu. Imetajwa mpaka kwenye katiba yao. Basi mimi napita kwenye miti ya wenyewe gizani, tochi kichwani, fimbo mbili mikononi, na hakuna anayepiga yowe. Pale kwetu mtu wa hivyo akionekana, maswali yanaulizwa baadaye. Adha yangu ilikuwa watoto wa chekechea. Wanakupita bila hata fimbo, wanageuka, wanakuuliza kama umeumia.

Vasaloppet, yaani mashindano yenyewe ya skii, ndugu zangu, ndiyo haswa. Hufanyika Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu, kutoka Sälen hadi Mora. Chanzo chake Mjomba atakipenda. Mwishoni mwa mwaka 1520 mfalme wa Denmark aliwaua wakuu wengi wa Sweden pale Stockholm. Kijana mmoja, Gustav Vasa, akakimbilia kaskazini, akawaomba watu wa Mora waasi pamoja naye. Watu wa Mora wakasita. Akakata tamaa, akashika njia ya Norway. Ameshaondoka, habari za mauaji zikazidi kuja, wakajuta, wakawatuma watu wawili hodari wa skii wamfuate, wakamkuta Sälen. Mwaka 1523 akawa mfalme. Kwa hiyo, Mjomba, tangu 1922 watu hutaabika karibu kila mwaka kwa sababu kikao kimoja kilichelewa kuamua. Ukoo wetu kwa vikao vyake ungekuwa na mashindano kila wiki.

Na Shangazi, sikia hili. Mwaka 1923 mwanamke mmoja, Margit Nordin, alizimaliza kilomita zote 90. Mwaka uliofuata wanawake wakapigwa marufuku, eti kwa ajili ya afya zao. Marufuku hiyo ikakaa mpaka 1981. Siku yangu mimi nilipitwa na wanawake wengi mno, na afya zao hazikuwa na tatizo lolote.

Saa mbili kamili asubuhi tunaachiwa, maelfu ya watu kwa mpigo, na mbele yetu mlima mrefu wenye njia inayozidi kubana. Ni kama kushuka kivuko cha Kigamboni saa moja asubuhi, ila kila abiria amefungwa mbao mbili ndefu miguuni. Unasimama, unasogea hatua moja, unasimama. Skii ya mtu iko juu ya skii yako, fimbo ya mwingine iko chini ya goti lako. Fimbo ya jirani yangu ilikanyagwa ikavunjika, naye aliyeikanyaga akaomba radhi kwa unyenyekevu mpaka mwenye fimbo akaanza kumbembeleza yeye.

Sasa nta. Skii za mtindo huu zinapakwa nta ya kuteleza mbele na nyuma, na katikati, chini ya unyayo, nta ya kushika. Ukiukandamiza mguu, ile ya katikati inang'ata theluji, unasukuma. Lakini kila hali ya theluji ina nta yake, na jua likipanda, theluji ya asubuhi siyo tena ya mchana. Nilipokaribia kituo cha Risberg skii zangu ziliacha kung'ata. Nasukuma mbele, narudi nyuma. Mzee mmoja aliyekuwa akipumzika kando akanitazama narudi nyuma mara ya kwanza, mara ya pili, akashindwa kuvumilia. Akanifungua skii bila kusema neno. Akaigeuza, akakwangua ile nta iliyokufa, kisha akaingiza mkono ndani ya koti na kutoa kwapani bomba dogo lenye nta laini, alilolihifadhi humo lisigande. Akaichora mistari midogo midogo, akaisambaza kwa kidole gumba, taratibu, pande zote mbili za mfereji. Akanivalisha. Akanigonga bega. "Haya." Nikasukuma, skii ikang'ata. Nilipogeuka kumshukuru, alikuwa ameshanipita.

Vituoni unapewa supu ya matunda pori ya buluu, ya moto, tamu, rangi yake inabaki midomoni mpaka kesho. Kila kituo kina saa yake ya kufungwa. Ikifika, kamba inavutwa mbele yako na safari yako inaishia kwenye basi. Nilizipita kamba zote, nikaingia Mora giza limetanda. Na pale, Mjomba, hata medali sikupata, maana ya Vasaloppet hupewa aliyefika ndani ya muda wa mshindi ukiongezewa nusu yake. Mwaka 2021 mshindi alitumia saa 3 na dakika 28. Piga hesabu mwenyewe, mimi nilipewa supu. Mama mmoja aliyenifungua namba kifuani akaniuliza kama nina undugu na Philip Boit, yule Mkenya aliyemaliza wa mwisho kwenye kilomita 10 za Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, na bingwa mwenyewe, Bjørn Dæhlie, akamngoja pale mwisho amkumbatie. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Nikamjibu kwa matokeo yangu, undugu upo.

Baiskeli ni mwezi wa sita, kulizunguka Ziwa Vättern kuanzia Motala, na wengi wanaendesha usiku kucha. Usiku wenyewe wa jina tu, mbingu haikolei giza. Mnakwenda kwa mstari, aliye mbele anawakinga upepo, akichoka anarudi nyuma. Hapo ndipo nilipogundua kuwa Mswidi asipokuona uso husema yote. Bwana mmoja alinisimulia talaka yake kutoka Gränna mpaka Jönköping, yeye mbele, mimi nyuma, na tulipofika kula viazi vya kuponda na nyama za kufinyanga, akakaa meza nyingine. Ndipo baadaye, nilipomaliza, picha ile ya medali ikapigwa.

Kuogelea ni Vansbro, mwezi wa saba, na sina mengi. Mtoto wa Tanga niliyekulia majini pale Raskazone, kuogelea sikukuhofia. Ila maji ya mto hayakubebi yanavyokubeba ya chumvi, na yana baridi ya kuuma meno. Kilomita mbili unakwenda na mkondo, ya tatu unaingia mto mwingine na kuupanda. Niliutazama mti mmoja ukingoni kwa muda mrefu sana, nao ukinitazama.

Faida yake? Siku moja baada ya Vasaloppet nilikuwa napandisha ngazi kinyumenyume, skii begani. Mlango wa jirani ukafunguka. Nikatoa salamu, nikasubiri kichwa kishuke na kupanda. Akasema, "Ulipaka nta gani?" Sasa Jumapili anakuja kwangu na sanduku lake la nta, nampikia pilau, na kumnyamazisha nashindwa.

Sasa tumalize kesi. Mnaniuliza nilishika nafasi ya ngapi, na sitawaambia. Kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, John Stephen Akhwari wetu aliingia uwanjani wa mwisho, goti limefungwa bendeji, na hapo kijiweni hakuna asiyemjua. Aliyeshinda siku ile alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia. Ulizaneni hapo benchini nani alikuwa anamjua.

Kuhusu paa la Babu, nitatuma bando moja la mabati mwezi wa tisa na jingine mwezi wa kumi, kutoka kwenye mshahara. La tatu lisubiri, ada ya Vasaloppet ya mwakani nimeshalipa. Fundi ateremke, kikao kifungwe, na Shangazi akimaliza kurekodi abonyeze kile kitufe chekundu.

Wasalaam,
Mtoto wenu