Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Chupa ilikuwa chini ya kitanda cha mwanangu mkubwa, nyuma ya viatu vyake, na ndani yake mlikuwa na mate. Mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tunamwita Koko, ndiye aliyeivuta kwa ufagio Jumanne asubuhi. Aliibeba kwa ncha za vidole mpaka uani, akaisimamisha juu ya jiwe la volkano tunalofulia nguo, kisha akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tarehe 27 Mei 2021, siku tulipoamriwa kuhama Goma kwa hofu ya volkano tukashika njia ya Sake.

"Huyu mtoto ana kifua," akasema.

Sikuwa na la kumjibu. Jumapili tulipika bugali wa mihogo na sombe, majani ya mihogo, yenye mawese, kijana akasema ameshakula kwa rafiki. Jumatatu niliweka sambaza, visamaki vya ziwa letu. Tangu utotoni yeye hula sambaza kichwa na miiba, asibakize kitu. Siku hiyo alikula watatu tu, akasukuma sahani kwa mdogo wake. Usiku shuka lake lililowa jasho. Mtu anatema, anatoka jasho usiku, anakonda: katika mji wetu kila mama anaujua ugonjwa huo kwa jina. Koko aliwahi kumzika mdogo wake kwa kifua kikuu, kwa hiyo hakungoja vipimo. Alitwaa kikombe cha mjukuu wake, akafunga uzi mwekundu kwenye kishikio, akatangaza kwamba hakuna mwingine atakayekinywea.

Baba watoto aliwaza pombe kali. Alinusa mashati ya kijana moja moja, akayarudisha kwenye sanduku bila kusema neno.

Mimi nilikuwa na hofu yangu, na hofu hiyo ilitoka kazini. Wiki ile, Septemba 2023, nilikuwa nikienda kila asubuhi kambi ya Bulengo kama reko, yaani mjitolea wa afya, kupima mikono ya watoto waliokimbia vita vya Masisi na Rutshuru. Kazi yenyewe ni utepe wa rangi tatu. Unauzungusha kwenye mkono wa mtoto, katikati ya bega na kiwiko, unausoma. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na huyo haendi nyumbani kabla ya kuandikwa. Kutoka hapo hadi 12.5 ni njano. Wenye nyekundu hupewa pakiti za Plumpy'Nut, siagi ya karanga yenye maziwa na sukari, gramu 92 kila moja, kalori 500. Mama hakuulizi mengi. Anamwangalia mtoto akining'inia kwenye mizani, kisha anakutazama usoni: "Amepanda?" Nikisema amepanda gramu mia mbili, nimeona wanawake wakipiga magoti pale kwenye vumbi.

Halafu narudi kwangu, namkuta wangu, miaka kumi na tisa, mabega mapana, mashavu yamebonyea, na sahani yake imejaa.

Aliyetoboa siri ni binti yangu wa miaka kumi na miwili. Jumanne jioni, tukichambua maharagi, aliniambia bila kuinua uso: "Mama, yaya anajipima soko la Virunga. Kwenye mizani ya magunia. Yule papa wa depo anacheka."

Nikamwita kijana, yaani huyo yaya, kaka yake mkubwa. Alikuja, akakaa kwenye kigoda, akanieleza kila kitu, na kwa kweli alieleza vizuri. Hakuwa na kifua wala pombe. Alikuwa na mieleka, lutte kama wanavyoiita vijana wa hapa. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti, Kinshasa ilipopokea Michezo ya Francophonie, alikuwa ametazama kwenye simu pambano baada ya pambano, mieleka huria na ile ya Kiafrika, akaona vijana wa rika lake wakivaa bendera. Sasa kulikuwa na mashindano Bukavu, Jumamosi. Mieleka huria ya wanaume kwenye Olimpiki ina ngazi sita za uzito, kilo 57, 65, 74, 86, 97 na 125, na waandaaji walifuata hizohizo. Yeye alikuwa na kilo 70. Akibaki hapo, atashikana na watu wa 74, na mmoja wao alimjua: fundi wa kupasua mbao, shingo kama gogo. Akishuka hadi 65, yeye ndiye atakuwa mkubwa.

"Wote wanashusha kilo, Mama. Siyo mimi peke yangu."

Mate yalikuwa sehemu ya hesabu. Alitafuna chingamu ili yaje mengi, kwa kuwa nusu lita ya mate ni nusu kilo. Jasho la usiku lilitokana na kulala na makoti mawili. Chumvi alikuwa ameacha kwa sababu inashika maji mwilini. Jumatano alikusudia kuacha maji yenyewe.

Nikamwambia: "Papa yangu, utakula, na utakunywa." Akajibu, "Ndiyo, Mama." Niliamini, kwa sababu hakuwahi kunidanganya. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba niliamini neno lake, na Jumatano na Alhamisi nikaenda Bulengo kupima mikono ya wengine.

Koko alisikia maelezo yote akatikisa kichwa. Kwake hakuna mchezo unaomfanya mtu akatae bugali. Alhamisi alasiri aliwaalika wamama wa maombi waje kuombea kifua cha mjukuu. Niliporudi kutoka kambini niliwakuta sebuleni, saba, wameanza kuimba. Nilikaribisha, nikatafuta viti kwa majirani. Aliyekuwa akiombewa hakuonekana, nikadhani amekimbia aibu.

Kumbe alikuwa mita tano kutoka kwetu. Jiko letu ni kibanda cha mbao kando ya nyumba, na mbao za Goma zinapitisha upepo. Alikuwa ameziba nyufa zote kwa matambara na kwa kitenge changu cha sherehe. Alikata kipande cha shitingi, plastiki ninayofunikia makala, yaani makaa, akajizungushia mwilini chini ya makoti. Mbabula ya kwanza, jiko letu la makala, ilikuwa na sufuria yangu ya maharagi. Akawasha ya pili, akafunga mlango, akaanza kuruka papo hapo. Alibakiza kilo mbili na siku moja.

Maharagi ndiyo yaliyomwokoa. Mwaka ule njia ya Rutshuru ilikuwa imekatwa na vita, na maharagi yalipanda bei hadi tukawa tunayahesabu kwa kikombe. Nilipoisikia harufu yanaungua, niliacha wimbo katikati. Mlango wa jiko haukusukumika. Mwanangu alikuwa ameuangukia kwa ndani, na bidoni ya lita ishirini ilikuwa imepinduka, maji yakitiririka chini ya mbao hadi miguuni mwangu.

Koko alifika kabla ya wanaume. "Mazuku!" alipiga kelele. "Muinueni! Muinueni juu!"

Mtu wa ziwa Kivu haelezwi mazuku. Ni ile hewa ya volkano inayotuama kwenye mabonde ya lava, hasa upande wa magharibi wa mji. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inakaa chini kama maji yasiyoonekana, na alfajiri huua mbuzi, mbwa, na mtoto aliyeinama. Anayeijua humbeba mtoto begani. Hewa ya makala ni nyingine: haikai chini, inajaa chumba kizima, haina harufu, na inashika damu mahali pa oksijeni. Lakini amri ya Koko ilitosha kumtoa humo. Wamama wa maombi ndio waliong'oa ubao wa ukuta, wakamvuta kwa makwapa mpaka uani, wakaikata ile shitingi kwa kisu cha sombe. Jasho lilimwagika kutoka ndani yake kama kutoka kwenye mfuko. Alifumbua macho, akatapika, akauliza saa ngapi.

Baba yake alimkumbatia nyuma ya dereva wa pikipiki mpaka kituo cha afya, akawekwa kwenye oksijeni. Usiku nilimpa maji niliyokuwa nikiwafundisha wamama wa Bulengo kila siku: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Nilimnywesha kidogo kidogo, mkono wangu ukitetemeka. Muuguzi wa zamu alinieleza kwamba mwili ukikaushwa damu inapungua, joto linapanda, figo zinachoka, na moyo unasukuma kwa shida. Baadaye nilisoma habari za Marekani, mwaka 1997: wanamieleka watatu wa vyuo, Billy Saylor, Joseph LaRosa na Jeff Reese, walikufa ndani ya siku 33, kati ya tarehe 7 Novemba na 9 Desemba, wote wakijikausha kwa joto na mazoezi ili wafikie kilo. Baada yao, NCAA ilipiga marufuku vyumba vya joto na mavazi ya plastiki. Nilisoma majina hayo nikiwaza mama zao, na jiko langu.

Ijumaa mwalimu wake alikuja, akakaa kwenye kiti cha plastiki, kofia mkononi. Alisema hakumwagiza. Alisema pia kwamba yeye mwenyewe, akiwa kijana, alifanya hivyohivyo. Nilimshukuru kwa kusema kweli, kisha nikamwambia: "Mwalimu, mimi nashinda juani napandisha kilo za watoto wa watu, gramu kwa gramu. Wangu usimshushe." Aliinamisha kichwa muda mrefu. Tulikubaliana: apigane na kilo alizonazo, na anayetaka kushuka, ashuke polepole kwa miezi, akila.

Boti ya Bukavu iliondoka bila yeye. Makohozi yake yalipimwa, majibu yakaja kwamba hana kifua kikuu, lakini Koko hakufungua uzi. Alisema karatasi haili chakula.

Alipigana Desemba, Bukavu, kwenye 74, akiwa na kilo 71. Pambano la kwanza lilisimamishwa alipoachwa pointi 10, kama kanuni inavyotaka. Alirudi na boti ya usiku, sikio limevimba, akaingia jikoni asubuhi kabla sijamaliza kusonga. Alikula bugali, akakata tena, akachovya kwenye mchuzi wa sambaza mpaka bakuli likang'aa, kisha akaomba maji.

Koko aliinuka mwenyewe. Alileta kile kikombe, akakata uzi kwa meno, akaufunga kwenye pembe ya kitenge chake.

"Kunywa, bwana yangu," akamwambia.