Yah: Kioo Cheusi Baada ya Maboresho

Ngamiani,
Tanga.

Kwa Mkurugenzi wa Masasisho,
Kampuni iliyotengeneza kompyuta yangu,
Ng'ambo.

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pokea shukrani. Kwa karibu miaka thelathini nimekaa na kompyuta yenu ya mwaka 1997 bila kujua kwamba inahitaji kuboreshwa. Ilianza kazi katika ofisi ya shamba la mkonge, ikihesabu marobota. Vitabu vya hesabu vilipotangaza kwamba thamani yake imekwisha, na mimi karani wake nikafikia umri wa kustaafu, tukaondoka pamoja. Nyumbani imestahimili upepo wa bahari unaotafuna mabati, mijusi kafiri waliotaga ndani ya kasha, na wajukuu. Haikuwahi kugoma. Imegoma siku mlipoiboresha.

Kisa chenyewe ni kifupi. Nilikuwa nahamisha kanda zangu za taarabu za Black Star na Lucky Star, diski ikajaa. Nikanunua nyingine ya mtumba, ya gigabaiti 20. Mashine ikaiona, lakini ikahesabu 8.4 tu ikaishia hapo. Ukomo huo kompyuta nyingi za kabla ya 1998 zinao. Nyinyi wenyewe mkatoa dawa: pakua sasisho la Bayosi, ile programu inayoiamsha mashine, iandike upya chipu yake. Mkaongeza kwamba sasisho "linaboresha uthabiti wa mfumo". Nikaflashi. Mstari ukajaa hadi asilimia mia. Mkanipongeza, mkaniamuru nizime na kuwasha. Nikatii.

Giza.

Umeme haukukatika. Narudia, kwa herufi za kawaida kwa kuwa sina hasira: umeme haukukatika. Najua hilo ndilo jibu mliloliweka tayari kwa barua zote zinazotoka huku kwetu.

Nikaanza uchunguzi. Feni inazunguka, taa ya kijani inawaka, kioo hakina neno. Jirani akasema monita imekufa. Nikaifunga kwenye mashine nyingine, ikang'aa. Nikachomoa ramu, nikasugua meno yake kwa raba ya mwanafunzi, maana chumvi ya Tanga haina pa kukosa. Giza. Nikatoa betri ya saa, nikanywa kahawa barazani, nikairudisha. Giza. Nikatega sikio: mashine nzima hulia "pi" moja inapoamka, yenye ramu mbovu hulia mfululizo. Yangu haikulia kabisa.

Hapo nikaelewa. Feni haimsubiri mtu, umeme wake inaupata moja kwa moja. Lakini prosesa inapoamka, neno la kwanza inalolisoma limo katika Bayosi: hii ndiyo ramu, hiki ndicho kioo, hii ndiyo diski. Neno hilo likiharibika, prosesa inabaki kama mgeni aliyeshushwa stendi usiku bila namba ya mwenyeji.

Iko sehemu ndogo ya chipu ambayo kwa kawaida haifutwi, iliyoachwa ili mashine iweze kusoma flopi ya uokoaji. Nikaweka flopi. Hata taa yake haikuwaka. Mlikuwa mmeboresha hadi mlango wa dharura.

Sababu niliipata kwa miwani na tochi. Pembeni mwa mazabodi imechapwa namba ya toleo, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Faili lenu ni la toleo linalofuata. Programu yenu, ambayo kwa adabu yake iliniuliza mara tatu kama nina hakika, haikuiuliza mazabodi hata mara moja.

Mheshimiwa, nimejaribu kukutafutia wenzako katika historia, usije ukajiona mpweke. Mwaka 1998 kijana wa Taiwan, Chen Ing-hau, aliandika kirusi kilichokuja kuitwa CIH. Tarehe 26 Aprili 1999 kiliamka katika kompyuta nyingi duniani, kikafuta diski na kuvuruga Bayosi. Kwetu siku hiyo ilikuwa Sikukuu ya Muungano, ofisi zimefungwa, na mashine yangu imezimwa. Kirusi kilinipita. Kwa hiyo kazi iliyomshinda mhalifu imekamilishwa na mtengenezaji. Na tofauti nyingine iko hapa: kirusi hakikunitaka nibonyeze "Nakubali".

Ukitaka mfano wa mamlaka, nao ninao. Mwaka 1974 Serikali yetu ilizuia kuingiza nchini kompyuta na televisheni bila kibali maalumu. Kwa miaka mingi nimeisimanga amri ile. Leo naiomba msamaha: angalau ilinizuia mlangoni, haikunisubiri nizoee ndipo inizimie. Na tarehe 31 Januari 2013, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam, mitambo ya analojia ilipozimwa hapa Tanga, televisheni zisizo na king'amuzi zilibaki chenga tupu. Watu walinung'unika, na haki yao, maana king'amuzi hakikugawiwa bure. Lakini tarehe ilitangazwa, na televisheni ile ile ya zamani ukiifungia king'amuzi ilirudi kuonyesha. Nyinyi mmenipa chenga bila king'amuzi, tena bila hata chenga.

Wahenga wamesema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nadhani walikuwa wamesoma masharti yenu ya matumizi. Sisi hapa tuna msemo wa mji, "waja leo waondoka leo". Sasisho lenu lilikuja leo, likagoma kuondoka.

Wala usiniambie kwamba cha kale sharti kife. Mbele ya mji huu, kwenye kina kirefu, anaishi silikanti. Wataalamu walidhani alitoweka miaka milioni 65 iliyopita, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamekuwa wakimnasa katika jarife, na mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Samaki huyo hajapokea toleo jipya lolote la maana tangu enzi hizo, na anaogelea. Kama angekuwa mali ya kampuni yenu, mngeshamwandikia kwamba huduma zake zimesitishwa na anashauriwa kununua changu.

Kwa heshima zote, naomba mambo matatu. Kwanza, programu ya kusasisha isome namba ya mazabodi kabla ya kufuta herufi moja; isipolingana, ikatae. Pili, kila faili jipya liwekwe pamoja na la zamani, ili aliyepotea arudi njia aliyojia. Tatu, mkitengeneza nyingine, chipu ya Bayosi ikae kwenye soketi kama ilivyo katika hii yangu, isilehemiwe. Soketi hiyo ndiyo iliyoniokoa, na aliyeiweka ni mtu wenu wa zamani. Kama yu hai, mfikishieni salamu.

Kwa maana mashine imepona. Fundi mmoja wa hapa Ngamiani, ambaye riziki yake ni kuflashi simu, aliinyofoa chipu yenye miguu 32, akaipachika kwenye kifaa chake cha kuandikia, akairudishia Bayosi ya zamani. Akaniuliza faili la zamani nimelipata wapi. Nimekuwa karani wa mkonge, Mheshimiwa. Barua haikuondoka mezani kwangu bila nakala kubaki jaladani. Kabla ya kuflashi nilihifadhi Bayosi kwenye flopi. Flopi hiyo tuliikuta imeota ukungu. Ya pili ikasomeka.

Diski ya gigabaiti 20 bado inaonekana 8.4, na taarabu zimeenea. Nakala za barua hii nimebaki nazo, mbili.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Karani Mstaafu