Sifa za Upupu, Mlinzi Asiye na Posho

Vitabu vya safari vinavyoisifu Kigoma huanza na ziwa, hupita Gombe kwa ajili ya sokwe, husimama Ujiji ambako Henry Stanley alikutana na David Livingstone mwaka 1871, kisha humalizia kwa dagaa na mawese. Upupu hautajwi, ilhali ni vigumu kumpata mkazi wa vilima vinavyolitazama Ziwa Tanganyika ambaye hajawahi kuguswa nao, na ni vigumu zaidi kumpata aliyeguswa akasahau. Dhuluma hiyo imedumu vya kutosha.

Upupu, ambao wataalamu wa mimea huuita Mucuna pruriens, ni mmea utambaao wa jamii ya kunde, uotao wenyewe vichakani, kwenye mashamba yaliyoachwa na kandokando ya vijito. Maua yake ni ya zambarau. Maganda yake yaliyopinda yamevikwa vinyweleo vya rangi ya dhahabu, ambavyo mgeni huvisogelea avitazame na mwenyeji huvipisha njia. Vinyweleo hivyo vimebeba mukunaini, ambayo ni kimeng'enya, yaani protini yenye kazi ya kuvunjavunja protini nyingine, na ikishaingia ngozini huziamsha neva za mwasho. Sifa ndogondogo za mmea huu zinaweza kutajwa kwa haraka: mizizi yake hurutubisha udongo kwa naitrojeni; mbegu zake zina levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson unaowatetemesha wazee, ambayo wanasayansi wa India waliitenga kutoka kwenye mbegu hizo mwaka 1937; na kwenye kiti cha mwalimu mkali umewahi kufanya kazi ambayo kamati ya shule isingethubutu kuifanya.

Sifa iliyo kuu kupita zote ni ulinzi. Upupu ni askari wa misitu ambaye hakuajiriwa, hakuvishwa buti, hakupewa pikipiki wala mafuta ya pikipiki, na ambaye pamoja na hayo yuko zamu usiku na mchana, Jumapili na sikukuu. Haombi kuonyeshwa kibali cha kuvuna mazao ya misitu, kwa kuwa kwake kibali halali na cha kughushi ni kimoja. Hapokei chai, hana shemeji wa kumfumbia macho, na simu ikipigwa kutoka juu kwamba fulani aachwe apite, hana sikio la kuipokea. Hukumu yake hutolewa papo hapo, na mtekelezaji wake ni mkosaji mwenyewe, kwa kucha zake. Rufaa ipo, ila haifiki mbali: anayejikuna huzidi kuvipachika vinyweleo mwilini, na anayekimbilia duka la dawa huuziwa vidonge vya mzio, ambavyo huzuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta miwasho mingi, lakini havifui dafu hapa kwa sababu mwasho wa upupu hupita njia nyingine. Wazoefu hujipaka majivu au matope, husubiri yakauke, kisha huyakung'uta, na hiyo ndiyo dhamana pekee inayojulikana katika mahakama hii. Zaidi ya hayo, maganda yakishakauka wakati wa kiangazi, upepo huvibeba vinyweleo hadi njiani na uani, hivyo askari huyu, tofauti na wenzake wengi, hutoka kituoni akawafuata watu waliko.

Tatizo ni kwamba ana macho mabovu. Anaowakamata ni mama aliyekwenda kutafuta kuni za kupikia, mtoto aliyetumwa kuchunga mbuzi, na kijana aliye juu ya mchikichi, mkono mmoja kwenye kamba na mwingine kwenye panga, ambaye hawezi kujikuna pasipo kuanguka. Humkamata hata muumini aliyeanika kanzu yake ya Ijumaa uani, akaivaa kwa nia njema, na kugundua mambo akiwa safu ya kwanza msikitini. Kanzu imekata mti gani? Mwenye biashara ya mkaa, ambaye magunia humfikia mjini usiku kwa lori yakiwa yamebebwa kwa migongo ya wengine, hajawahi kuwashwa hata kidole.

Wala hawawashwi wale wanaopaswa kumzuia. Siku ya Mazingira Duniani, iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1972, huangukia tarehe 5 Juni, tarehe inayoweza kuufaa mche wa mti kwingineko lakini si Kigoma, ambako mvua huanza Oktoba au Novemba na Juni kiangazi kimeshaingia. Hata hivyo sherehe za aina hii zina utaratibu wake: turubai hufungwa, fulana hugawiwa, mgeni rasmi hufikishwa kwenye shimo lililochimbwa na mtu mwingine, humwagia mche kopo moja la maji, hupigwa picha, na posho husainiwa. Ifikapo Agosti mche umekuwa ukuni na bango lenye jina la mgeni rasmi bado linang'aa, wakati upupu, ambao haukupandwa na yeyote, unamwaga mbegu.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba msitu wa eneo hilo hauhitaji makubwa. Miti ya miombo ikikatwa na visiki vikaachwa bila moto wala shoka, huchipua yenyewe. Na Gombe, iliyohifadhiwa tangu mwaka 1943 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, imebaki na msitu wake, ilhali vilima vingi nje ya mpaka wake vimevuliwa nguo. Kinachotakiwa ni mlinzi asiyenunulika na mwenye macho mazuri kuliko upupu. Mpaka apatikane, waandaaji wa sherehe wanaombwa wahamishie upandaji wa miti mwezi Novemba. Na kama Juni haiachiki, basi turubai lifungwe kilimani, kichakani hasa, na wageni rasmi waje na mashati ya mikono mifupi.